Firigisi ya Mwenye Boma

Mama aliniambia anataka wakili siku ya Jumamosi, tukiwa tumeketi nyuma ya nyumba tukichambua maharagwe. Upepo wa Kitengela ulikuwa umeamka mapema kuliko sisi, ule upepo unaotoka uwandani bila kubisha hodi, na maganda yalikuwa yakiruka yenyewe kutoka kwenye ungo na kwenda zake upande wa Isinya. Mbali, nyuma ya nyumba za mawe ambazo watu walizijenga nusu wakaziacha, punda milia wachache walikuwa wakila majani bila wasiwasi, utadhani ni mifugo ya mtu. Ilikuwa moja ya zile asubuhi ambazo mtu yuko macho lakini hajaamka.

"Unitafutie wakili," alisema mama. "Wa talaka."

"Talaka ya nani?"

"Yangu. Yako si ilishaisha?"

Huyo ndiye mama yangu. Alifundisha hesabu shule za msingi maisha yake yote ya kazi, na hakupi swali kabla hajakufinya kidogo kuona kama unasikiliza. Alikuwa amepita miaka sabini. Mimi nilikuwa nimepita arobaini, nafanya kazi katika maabara ya hospitali, na nilikuwa nikiishi naye tangu ndoa yangu iliponishinda. Mimi sikutafuta wakili. Nilirudi kutoka kazini jioni moja nikakuta mume wangu amebadilisha kitasa, nikasimama pale mlangoni na ufunguo usioingia, kisha nikaenda kwa mama na sanduku moja na hasira zisizoingia sandukuni. Hatukuwa na mtoto, kwa hivyo hakuna aliyehangaika kutupatanisha.

Kwa hiyo neno talaka likitajwa mbele yangu, mimi huwaka. Niliacha maharagwe nikamwambia mama mambo ambayo sitayarudia yote. Nilimwambia watu watatucheka. Nilimwambia baba yuko hai na mzima kule magharibi, ana mke wake mdogo, hamsumbui mtu, na yeye mama ana nyumba yake hapa na pensheni yake, sasa anataka kuachana na nini, hewa?

Alinisubiri nimalize. Ana subira ya mwalimu, subira inayoudhi.

"Nimeota nimekufa," akasema. "Mnanipeleka kwa baba yako. Gari ya maiti, nyimbo, kila kitu. Tukapita Naivasha, tukapita Nakuru. Timboroa baridi ikaniingia, na mimi ni maiti. Kufika, lango likafunguliwa, watu wote wakaingia. Wewe ukabaki nje ya uzio, umeshika viatu mkononi. Nikakuita sana. Lakini wafu hatusikiki."

"Mama, ulikula nini usiku?"

"Mimi sitaki kuzikwa kule," akasema. "Nataka nilale hapa. Hapa kwangu. Na maadamu mimi ni mke wa mtu, mtanibeba mnipeleke kwake, hata niandike kwenye ukuta. Sasa nitafutie wakili."

Kwetu magharibi mke huzikwa kwa mumewe, upande wa nyumba yake, na hapo hapana mjadala. Hata mke aliyekosana na mume miaka na mikaka, akifa anarudishwa. Nimeona jeneza likigombaniwa na koo mbili mpaka maua yakakauka. Nilielewa basi kwamba mama hakuwa akitaka kuachana na baba wa sasa, yule mzee mpole wa shambani. Alitaka kuachana na mazishi yake. Hilo lilinituliza hasira kidogo, ingawa sikumwambia.

Baba sikuwahi kumchukia, na hilo lazima niliseme wazi. Alikuwa karani serikalini, mtu wa mluzi na kofia, mzuri wa sura, bingwa wa kujitia hamnazo. Alipostaafu alimwambia mama anatangulia nyumbani kutengeneza boma, na yeye atamfuata akistaafu. Akalitengeneza vizuri sana, mpaka na mke mwingine ndani. Mama alipopata habari hakupiga kelele. Alikuwa na ploti yake hapa Kitengela, aliyoinunua zamani wakati watu walipokuwa wakiwacheka walionunua udongo mweusi unaopasuka wakati wa kiangazi. Akajenga nyumba. Akapanda ua wa kayaba, kile kichaka cha miiba, kuizunguka, mche mmoja mmoja, akiumwagilia kwa maji ya kuoshea vyombo, mpaka ukafunga pande zote na ng'ombe wa jirani wakakata tamaa.

Wakili niliyempata alikuwa msichana. Nasema msichana kwa sababu mama alisema hivyo. Ofisi yake ilikuwa ghorofani, juu ya duka la dawa za mifugo, katikati ya mji, na harufu ya dawa ya kupe ilipanda ngazi pamoja na sisi ikaketi nasi. Dirishani ungeona malori ya Namanga yakipita polepole, moja, jingine, jingine, na kila moja lilitikisa glasi ya maji mezani. Wakili alikuwa mzaliwa wa Kajiado. Kabla ya kutufikia sisi alikuwa akiagana kwa Kimaa na mzee mmoja mwenye shuka, na sauti yake ya Kimaa ilikuwa ya chini na ya starehe. Alipotugeukia sisi akavaa sauti ya ofisi.

"Karibuni. Nani kati yenu ndiye mteja?"

Akaniangalia mimi. Mama akainua mkono, kama darasani.

"Sawa, mama. Niambie. Shida ni gani?"

"Nataka talaka."

"Sababu?"

"Kaburi."

Wakili aliweka kalamu chini. Lori likapita. Glasi ikatetemeka, na sisi wote tukaingoja itulie.

Mama alimweleza. Alimweleza kwa mpangilio, na wakili akasikiliza vizuri, hilo nampa. Kisha akasema, "Mama, lakini kwa hiyo maneno ya kuzikwa hauhitaji talaka. Tunaandika wosia. Tunasema wazi unataka kuzikwa wapi, unaweka sahihi, tumemaliza leo."

"Na baba yao akikataa?"

"Hapo sasa." Akakuna shingo. "Sitakudanganya. Ukishakufa, wosia kwa mambo ya mazishi ni kama ombi. Korti inaangalia ulitaka nini, lakini inaangalia pia ni nani alikuwa karibu na wewe. Na mume ako karibu kushinda wote."

"Hata kama ako mbali?"

"Hata kama ako mbali, mama."

"Basi ni vile nilikuambia," mama akasema. "Tuanze na talaka. Wosia tutaandika nikishakuwa mtu wangu."

Nikaona wakili anaanza kumpenda. Akavuta karatasi. Aliuliza walioana wapi, mama akasema kanisani, na mahari pia ikaliwa yote, hakuna ng'ombe aliyebaki nyuma. Aliuliza wametengana lini. Mama akasema. Aliuliza kama kuna mwanamke mwingine, na mama aliposema yupo, kalamu ikapata nguvu mpya.

"Hiyo peke yake inatosha! Mlioana kanisani, akaongeza mwingine. Na amekuacha hapa miaka hii yote. Mama, kesi yako iko na nguvu sana."

"Huyo mwanamke usimguse," mama akasema. "Kila mavuno ananitumia njugu."

"Lakini mama..."

"Na baba yao usiandike mtu mbaya. Si mbaya. Hajui tu kukaa mahali."

"Korti inataka kosa, mama. Bila kosa hakuna kesi."

Nilicheka. Sikupaswa kucheka lakini nilicheka, kwa sababu maisha yangu yote nimemwona mama akikosoa kazi za watu, na sasa nilijua kinachokuja. Wakili alipotuletea rasimu wiki iliyofuata, mama alivaa miwani, akatoa kalamu nyekundu kwenye mkoba, akaanza. Alikata "ukatili". Alikata "kwa makusudi na bila huruma". Pembeni ya aya moja aliandika "si kweli", na pembeni ya nyingine "sawa, lakini punguza". Wakili aliketi mbele yake mikono mapajani. Mwisho wa yote yalibaki machache tu, kwamba mume aliondoka, akaishi kwingine na mke mwingine, na kwamba ndoa hiyo imekwisha na haifufuki. Mama akaitia sahihi kwa mwandiko wake wa ubaoni.

"Sasa tunafaili, halafu lazima apelekewe hizi karatasi," wakili akasema. "Mkononi. Nitatuma mtu huko kwenu."

"Usitume mtu. Nitampigia simu. Atakuja."

Na kweli alikuja. Mama alimwambia tu kwamba kuna jambo la kuongea, na baba, ambaye hakuwahi kufika Kitengela tangu nyumba ile ijengwe, alifika Jumapili mchana kwa teksi, na koti lake na kofia, mkungu wa ndizi, na jogoo mwekundu kwapani amefungwa miguu. Alisimama langoni akiutazama ua wa kayaba kutoka mwanzo hadi mwisho. Upepo ulimvua kofia na mimi nikaikimbilia. Nilipomrudishia alinishika mkono na kuniita mama, jinsi anavyoniita tangu utotoni, kwa kuwa nina jina la mama yake.

"Mama, mmejenga," akaniambia.

"Ni yeye alijenga, baba."

"Naona. Naona." Akasita kuingia, mpaka mama alipotokea mlangoni.

"Mwalimu, hujambo?"

"Sijambo. Karibu. Lete huyo jogoo kabla hajakunyea koti."

Ilikuwa siku ya jua lisilo na makali, lenye ukungu wa vumbi, na kila kitu kilionekana kama kimelowekwa. Baba aliketi sebuleni akiangalia picha ukutani. Hakuna aliyesema jambo lenyewe, kwa kuwa kwetu mgeni halishwi maneno kabla ya kulishwa chakula. Wakili alifika jogoo akiwa bado jikoni. Alikuwa amekataa kutuma mtu, akasema karatasi za kesi hii atazileta mwenyewe. Alivaa viatu vya visigino virefu vilivyozama kwenye udongo wetu, na bahasha kubwa ya kahawia aliikumbatia kifuani. Mama alimpokea, akamnyang'anya bahasha, akaiweka juu ya kabati na kuilazia kitambaa.

"Hiyo itangoja. Keti, msichana wangu. Unakula kuku?"

Nilimvuta mama jikoni. Nilikuwa nimechemka kuliko sufuria. "Mama, unampikia! Unamtaliki mtu na unampikia kuku! Huyu wakili atasema mmerudiana."

"Koroga ugali," mama akasema.

Lazima nieleze jambo moja hapa, kwa wale ambao kwao kuku ni nyama tu. Kwetu kuku ana firigisi moja, na firigisi ina mwenyewe. Ni ya mwenye boma. Mtoto haigusi, mke haionji, na mgeni akipewa ni kwa idhini ya mwenyewe. Nimesikia ndoa zilizotikisika kwa sababu mtoto aliila jikoni. Utotoni mwangu, kuku akichinjwa na baba hayupo, na mara nyingi hakuwepo, mama aliiweka firigisi kwenye kisahani, akaifunika, akamngoja. Wakati mwingine tuliamka asubuhi tukaikuta bado imefunikwa, mafuta yameganda juu yake, na mama anapiga pasi nguo za shule bila kuitazama. Sijawahi kusahau kile kisahani.

Tuliketi wanne mezani. Mama akaomba dua fupi. Bakuli likaanza kwa baba, kama ilivyo desturi. Akachukua mwiko, akageuza mchuzi polepole huku akizungumza kuhusu mvua za kwao. Akaona paja, akaona bawa, akaona shingo. Akageuza tena. Mazungumzo ya mvua yakapungua, kisha yakakatika. Mwiko ukaenda hadi chini ya bakuli ukarudi.

Firigisi ilikuwa kwenye sahani ya mama. Ilikaa pale peke yake, kando ya ugali, kahawia na imeiva vizuri. Mama aliichukua kwa vidole, akaikata kwa meno upande mmoja, akatafuna bila haraka. Sikuwahi kumwona mwanamke akifanya hivyo mbele ya mume wake. Moyo wangu ulidunda utadhani ameinua panga.

"Mwalimu," baba akasema, "naona jogoo wangu hakuwa na firigisi."

"Alikuwa nayo."

"Iko wapi?"

"Imekuliwa na mwenye boma."

Wakili, mtoto wa Kajiado, ambaye kuku kwake ni ndege tu, aliomba mchuzi zaidi. Nilimwongezea. Tukachafua kitambaa cha meza. Nje upepo ulisimama ghafla, jinsi unavyofanya huku saa za mchana, na nyumba nzima ikasikia baba akiweka mwiko chini.

"Kwa hivyo ni hii uliniitia," akasema.

"Ni hii. Zile makaratasi juu ya kabati ni za huyu msichana. Lakini habari yenyewe ni hii."

Baba alikuwa amezeeka, nikaona, shingo imekuwa nyembamba ndani ya kola. Nilimhurumia na nilikasirika kwa kumhurumia.

"Nilikukosea," akasema. "Sikatai. Lakini mpaka korti, Mwalimu? Mimi na wewe? Nani alikufukuza? Mahali pako pako. Upande wa kulia wa nyumba. Hata yule mwingine anajua hapo ni pako, hapandi kitu."

"Najua iko."

"Sasa?"

"Mimi niko na mahali. Huyu je?"

Na akanionyesha mimi kwa ile mifupa ya firigisi, nilitaka kusema, lakini firigisi haina mfupa. Alinionyesha kwa kidole kilicholowa mchuzi. Mimi nilikuwa nimeshika sufuria.

"Huyu ni mtoto wangu," baba akasema.

"Atalala wapi?"

Baba akaangalia kitambaa cha meza.

"Sema, asikie mwenyewe."

"Msichana akisharudi kutoka kwa bwana..." Akakohoa. "Si mimi nilitunga, Mwalimu. Unajua ni nje ya uzio. Kule nyuma, kwa migomba. Wazee hawawezi kubali ndani."

"Nilikuuliza ile siku alikuja na sanduku. Nilikupigia simu nikakuuliza, huyu mtoto tutamweka wapi. Ukaniambia mila ni mila." Sauti ya mama haikupanda. Ningependelea ipande. "Kila siku unamwita mama. Mama yako ulimlaza mbele ya mlango wako, ukamjengea na simiti. Na huyu mama, umtupe kwa migomba?"

Mama akaendelea kwa ile sauti ya kueleza hesabu kwa mtoto mgumu. Akizikwa magharibi, hapa patabaki ploti tu, na ploti huuzwa. Lakini mwenye boma akilala ndani ya boma lake, pale ni nyumbani, na hakuna mzee wa ukoo atakayesafiri mpaka Kitengela kumwambia nani alale ndani na nani nje. Mtoto atalala kwa mamake. Ila mama lazima kwanza awe si mke wa mtu.

"Kwa hivyo nipe talaka yangu," akasema. "Sina ubaya na wewe. Nina mtoto."

Ningependa kuandika kwamba nilimkumbatia. Sikumkumbatia. Niliweka sufuria chini nikatoka nje, nikasimama kwenye ua wa kayaba na kushika miiba yake, na nililia kilio cha mtu mzima, kile kibaya kisicho na sauti. Miaka ile yote nilidhani mama ananivumilia. Nilidhani nimekuwa mgeni wa siku mbili aliyesahauliwa kupewa jembe. Nilikuwa nimejifunza kutojiuliza nitazikwa wapi, kama mtu anavyojifunza kupita mtaa mwingine ili asipite mlangoni pa anayemkwepa. Na yeye alikuwa akijiuliza kwa niaba yangu tangu siku ile ya sanduku, akimwagilia ua. Ndipo ndoto yake ikanirudia, mimi nje ya uzio na viatu mkononi. Hasira ndiyo ninayoijua, lakini siku hiyo niliitafuta nikaikosa.

Niliporudi ndani baba alikuwa ameomba kalamu. Wakili alikuwa ameshusha bahasha mwenyewe, na macho yake yalikuwa mekundu, akasingizia pilipili. Baba aliweka sahihi ya kupokea, taratibu, kwa mwandiko wa karani wa zamani.

"Sitapinga," akamwambia wakili. "Uandike hivyo, sipingi." Kisha akamgeukia mama. "Naweza kumaliza mchuzi?"

"Kula," mama akasema. "Wewe ni mgeni."

Wakili alinisimamisha langoni akiondoka. Alikuwa ameelewa nusu na alitaka nusu ya pili, nami nikamweleza habari ya firigisi. Alitikisa kichwa kwa muda mrefu. "Hata kwetu nyama iko na wenyewe," akasema. "Mbuzi akichinjwa, kila mtu anajua ni gani yake. Lakini sijawahi kuona samansi ikipelekwa kwa sahani."

Kesi yenyewe ilisikizwa Kajiado, miezi kadhaa baadaye, na ninaikumbuka kwa ukungu, kama mtu anavyokumbuka safari aliyosinzia. Nakumbuka vilima vya rangi ya samawati nyuma ya mji. Nakumbuka uwanja wa mahakama, na mbuzi waliopita kati ya watu waliovaa suti, na akina mama wa shanga walioketi ukutani na watoto, wakingojea haki ya chakula cha hao watoto. Mmoja alimsalimu mama, "Supa," na mama akajibu "Ipa" kwa furaha, maana ndilo neno pekee la Kimaa analolimudu, na yule mama akafurahi akaendelea kumwambia mambo mengi ambayo mama aliyakubali yote kwa kichwa.

Baba alikuja. Wakili alikuwa amemwambia si lazima, lakini alikuja na koti lake, akaketi kando ya mama kwenye benchi, akatoa mfukoni mfuko wa njugu kutoka kwa mama mdogo. Waliketi pale wakila njugu zile, wakiangusha maganda kwenye kofia yake, mpaka jina likaitwa.

Hakimu alikuwa mwanamume mwenye sauti ya uchovu na upole. Alisoma, akainua macho, akawatazama wote wawili.

"Mama, hakuna nafasi hata kidogo ya kupatana?"

"Tulishapatana, mheshimiwa," mama akasema. "Ndiyo maana tuko hapa."

Amri ya kwanza ya talaka ilitolewa siku hiyo, na ya mwisho ikafuata baada ya muda wake. Wosia tuliandika pale pale juu ya duka la dawa za mifugo. Malori yalikuwa yakitikisa glasi, na mama alikosoa aya moja tu.

Jioni tuliyoleta karatasi ya mwisho nyumbani, aliniita nyuma ya nyumba, mahali tunapochambulia maharagwe. Jua lilikuwa likizama upande wa Ngong na uwanda wote ulikuwa umelegea. Alikuwa amevaa ndara na leso, na mkononi ana kijiti. Akatembea mpaka karibu na ua, ndani ya ua, akachora mstari kwenye udongo mweusi, akarudi nyuma kuutazama, akachora mwingine sambamba nao.

"Mimi nitalala hapa," akasema. "Wewe hapa, upande wa mashariki."

"Kwa nini mashariki, mama?"

"Jua likupige mapema. Wewe huamki."